Mwenye Jina la Meja

"Jina lilikuwa la mbwa, Mheshimiwa Jaji," shahidi alisema, na mahakama nzima ikaangua kicheko.

Abner Kessel hakucheka. Kwa miaka kumi studio yake ilikuwa imeandika "Meja" juu ya kila bango la filamu za kauboi za Royce Tolliver. Sasa Tolliver anahamia kwa washindani wa Kessel Hollywood, na anataka kuondoka na jina. Kessel alikuwa na hoja moja tu: jina lilibuniwa ofisini kwake. Kijana mwingine mrefu alikwisha kushonewa suruali ya kauboi, anangoja kuitwa Meja.

Lakini shahidi huyu mzee, Enos Pruitt, alisema aliwahi kuwa askari wa zimamoto Nebraska, katika mji aliokulia Tolliver.

"Mbwa gani?" wakili wa Kessel aliuliza.

"Wa huyu bwana, enzi za utoto wake. Jibwa hilo! Likiitwa Meja. Kila asubuhi wanapita kituoni kwetu, wameongozana. Tukawa tunawaita Meja Mkubwa na Meja Mdogo." Alimnyooshea Tolliver kidole. "Mdogo ndiye huyo."

Tolliver aliinamisha uso, masikio yamemwiva.

"Mzee, kweli unamkumbuka mbwa wa miaka thelathini iliyopita?"

"Nisimkumbuke vipi, mwanangu? Alikuwa akinirukia hivi!" Mzee alishika kifua, akapepesuka, akaanguka chali sakafuni kwa kishindo. Jaji alisimama kwa hofu. Mzee akainuka, akajikung'uta. "Basi ndivyo kila siku, Mheshimiwa. Mke wangu alichoka kunifulia."

Kessel alimkazia macho. Pua ile, kidevu kile, hakuwahi kuviona popote. Alipima maneno ya mzee kama alivyozoea kupima kila kitu. Mtu akitunga uongo hujipamba. Shujaa gani angejitungia kwamba alirithi jina la mbwa, tena mbele ya waandishi wa habari?

Jaji naye aliona hivyo hivyo. Jina likaenda kwa Tolliver.

Kessel hakuwa mtu wa kubishana na ushahidi. Nje, kwenye ngazi za mahakama, alimfuata mzee akampa mkono.

"Umenimaliza, mzee wangu. Lakini umesema kweli, na mimi ukweli nauheshimu."

"Usijali, bosi. Ndiyo kazi."

Upepo wa jangwani ulikuwa umeanza kuvuma, umebeba vumbi la Los Angeles nzima. Kwa mkono uliobaki mzee aliivuta leso ya shingoni, akajifunika pua na kidevu, yakabaki macho tu.

Kessel aliuachia ule mkono. Macho yale alikuwa ameyatazama juu ya leso ya jambazi katika kila filamu ya studio yake, nukta moja kabla Meja hajafyatua bastola.