Mkwaju wa Yadi Arobaini na Moja

Verlon Stamper aliinama, akajifanya anafunga kamba za kiatu, na huko chini ya kiti akabonyeza simu: mkwaju wa mwisho utakosa. Simu ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza tena.

Alipoinuka uso ulikuwa unamwaka, utadhani watu elfu sitini walikuwa wamemwona. Hakuna aliyemwona. Kila mtu alikuwa ameinamia simu yake.

Zilikuwa zimebaki dakika mbili za mechi ya mpira wa Kimarekani. Timu ya nyumbani, Nyati wa Chuo cha Corley, ilikuwa nyuma kwa pointi mbili, inasogeza mpira mbele kidogo kidogo, na uwanja mzima ulijua itakavyokuwa. Ataitwa kijana wa kupiga, nambari 38, aupitishe mpira katikati ya milingoti. Akipata, ushindi. Akikosa, ndiyo basi.

"Umebeti wapi, mzee?" aliuliza jirani yake, jamaa wa miwani myeusi aliyejitambulisha kwa jina la Trent.

"Nyumbani," Verlon akadanganya.

"Safi! Hata mimi. Timu yenyewe siijui, tiketi nimeinunua leo asubuhi nikiwa kitandani. Lakini leo hawa ni ndugu zangu wa damu."

Miaka kumi na tisa Verlon alikuwa amekaa hapo hapo, safu ya thelathini na moja. Zamani safu hiyo ilikuwa kama ukoo. Odella Pruitt alikuja na karanga za kuchemsha kwenye mfuko wa karatasi, zikapita mkono kwa mkono hadi mwisho wa safu. Watu walijuana majina ya watoto na tarehe za operesheni. Bendi ikinyamaza, unasikia mtu akikohoa ng'ambo. Kisha viti vikapanda bei, Odella akauza chake, wengine wakamfuata, na kila Jumamosi wakaja wageni. Mechi zikawa zinaanza saa ambayo televisheni imetaka, na spika zikawa hazimpi mtu nafasi hata ya kumuuliza jirani habari za nyumbani.

Mwanzoni Verlon aliyachukia mabadiliko hayo. Leo aliyashukuru. Odella angekuwa pembeni yake, asingethubutu kufanya alichofanya.

Alianza kubeti mwaka jana, kwa mzaha, kama wengine. Msimu huu wote hakuwa ameshinda hata mara moja. Alichoka kuwa mtu asiyejua kitu. Na leo, kwa mara ya kwanza, alijua kitu ambacho uwanja mzima haukukijua: tangu Jumanne nyonga ya kulia ya nambari 38 ilikuwa inauma kiasi kwamba kijana alivaa soksi akiwa amelala chali. Daktari wa timu hakuambiwa, maana kijana aliogopa kupoteza nafasi. Verlon aliambiwa kwa kunong'ona, akaapa kwamba hatamwambia mtu.

Na kweli, hakumwambia mtu.

Simu ikatetemeka. Alikuwa mkewe, Maribeth, aliyekaa ng'ambo ya uwanja na kina mama wenzake, mahali anapokaa kila Jumamosi. Alikwisha kumbembeleza sana Verlon ahamie huko, naye akashikilia kwamba hawezi kuiacha safu yake.

"Wanamwita," Maribeth aliandika. "Unaomba?"

Verlon aliyatazama maneno hayo mpaka yakaanza kucheza.

"Naomba," akajibu. Kilichomchoma zaidi ni kwamba hakuwa anasema uongo.

Nambari 38 akaingia mbio, kifua mbele, akijitahidi mguu usimsaliti. Yadi arobaini na moja. Akarudi nyuma hatua tatu, akaenda kando mbili, akainamisha kichwa.

"Usiniangushe, we mtoto!" Trent alipiga kelele. "Hela yangu iko hapo!"

Mpira ukaondoka chini chini, kama ndege aliyevunjika bawa, ukajipinda kulia, ukapita nje ya mlingoti.

Kitu kikaruka kifuani mwa Verlon kabla hajakizuia. Ngumi yake ilikuwa imekunjwa. Ilikuwa furaha, furaha tupu, na ilimtoka mdomoni: "Ndiyo!"

Trent akamgeukia. "Unasemaje?"

"Nasema... ndiyo alivyo huyo. Siku zote."

"Mguu wa uji!" Trent akafoka, akisimama juu ya kiti. Zomeazomea ilikuwa imeanza kushuka kutoka ghorofa ya juu. "Hebu mtazame! Leo namtafuta mtandaoni, nampa maneno mpaka aache mpira. Hafai, au siyo, mzee?"

Kijana alikuwa bado amepiga goti kwenye nyasi, peke yake. Wenzake walikuwa wanampita. Verlon alijua kuna jambo la kusema hapo. Lilikuwa dogo tu, na lilimfikia hadi kwenye ulimi.

"Hafai," akasema. "Hafai kabisa."

Trent akampiga begani kama rafiki wa siku nyingi, akateremka ngazi akitukana.

Safu ikaisha watu. Verlon alibaki ameketi, mikono katikati ya magoti, akiangalia vikombe vya bia vilivyokanyagwa.

Simu ikatetemeka mara mbili. Ujumbe wa kwanza ulimpongeza: ameshinda.

Wa pili ulitoka chumba cha kubadilishia nguo.

"Baba, nisamehe kwa kukutia aibu."