Lingurume, Lakini Lisiende

"Nataka akikaa humo ndani gari lingurume, lakini lisiende," mwenye gari alisema. "Kuna gumu gani hapo la kunitumbulia macho?"

Fundi wa alamu alikuwa amepanga maboksi matatu juu ya boneti. La kwanza lilikuwa na king'ora tu. La pili lilikata pia umeme wa injini. Alikuwa amefunga alamu za magari miaka kumi na moja, na wateja wote walitaka kitu kimoja, mwizi asiweze kuliwasha gari. Huyu alitaka amwashie mwizi kwa mkono wake mwenyewe.

"Basi ni hili la tatu, bosi," fundi alisema. "Unawasha kwa rimoti hata ukiwa sebuleni. Ila mtu akiingia bila ufunguo, akikanyaga breki tu, injini inazima. Na bila kukanyaga breki, gia haitoki hapo ilipo."

"Na nikibonyeza tena?"

"Inawaka tena."

"Hata mara ishirini?"

"Hata mia, mpaka mafuta yaishe."

"Funga hilo. Na ufanye haraka, sikukuita hapa kupiga soga."

Asubuhi nzima mwenye gari alikuwa mkali kama pilipili. Alimkaripia fundi kwa kuegesha pikipiki uani, akamfanya aitoe nje, aipeleke ng'ambo ya barabara. Akamkaripia kwa skrubu moja iliyoanguka chini. Wanasema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Fundi alilazimika kulala chali kabisa chini ya usukani, na ili apate nafasi akauinua mto mdogo wa kukalia uliokuwa kwenye kiti cha dereva. Bwana yule aliunyakua.

"Huo mto usiuchezee! Utarudi hapo hapo, vile vile ulivyokuwa."

Fundi aliendelea na kazi. Kioo cha nyuma kilikuwa kimezibwa kwa nailoni. Bampa la mbele lilikuwa limebonyea.

"Amekusumbua sana huyo mwizi?" aliuliza kutoka kule chini.

"Mara nne mwaka huu. Nikificha funguo anazifukua. Nikiondoka nazo anavunja kioo. Mara ya mwisho kamgonga binti wa watu, kamvunja mguu."

"Kwani unamjua?"

"Nitaacha kumjua?"

"Na polisi, bosi?"

Mwenye gari alicheka kicheko kikavu. "Polisi hayawahusu. Wewe pia hayakuhusu. Nimebembeleza, nimefoka, nimechoka. Leo akiingia humo namfungia milango kwa rimoti, atakaa mpaka achoke."

Fundi aliacha kukaza skrubu. Hapo ndipo alipoelewa, na hofu ikamwingia. Alikuwa akitengeneza mtego. Mtu angeingia, angesikia injini, angefurahi, milango ingejifunga, kisha bwana huyu angetoka ndani ya nyumba na chochote alichokiandaa, pamoja na majirani zake.

Fundi alikuwa na mdogo wake zamani. Umati ulimuua kwa kipigo ukidai kaiba betri ya gari, mchana kweupe, mbele ya watu waliomjua kwa jina. Betri yenyewe ilikuja kuonekana stoo kwa mwenyewe. Miaka tisa ilikuwa imepita, na chuki ya fundi kwa watu wale haikupungua hata chembe. Sasa yote ikamgeukia huyu aliyesimama juu yake, viatu vyake vikigongagonga sakafu kwa papara.

Angeikataa kazi, lakini bwana huyu angeita fundi mwingine kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo aliimaliza, tena kama inavyotakiwa. Mwenye gari akabonyeza, gari likawaka. Fundi akakanyaga breki, likazima. Wakarudia mara tatu.

"Niachie dakika mbili nirudishe plastiki ya chini ya usukani," fundi alisema.

Akiwa chini kule alichomoa waya mmoja mwembamba, ule unaoiambia alamu kwamba breki imekanyagwa, akauzungushia tepu nyeusi na kuuficha nyuma ya wenzake. Rimoti ingewasha, king'ora kingelia, milango ingejifunga, ila breki isingezima kitu tena. Usukani wa gari lile kuukuu ulikuwa haujifungi siku nyingi, hata bila ufunguo. Mwizi akiona maji yamezidi unga, akanyage breki, aingize gia, ajiokoe. Geti lenyewe la mabati tu. Fundi akaurudisha mto mahali pake. Kwa mara ya kwanza siku ile alijisikia mwepesi.

"Umemaliza? Haya, beba vyako," mwenye gari alisema, akalifungua geti hadi mwisho na kuliacha wazi.

Fundi alikuwa ameshafunga mkoba wake nyuma ya pikipiki aliposikia bwana yule akiita kule uani, kwa sauti nyingine kabisa, laini, ya kubembeleza.

"Baba! Njoo, baba. Gari lako limepona. Mama anakungoja, si unakwenda kumchukua?"

Mzee mmoja alitoka akiburuta miguu, vifungo vya shati vimepishana, akaingia upande wa dereva na kujiweka sawa juu ya mto wake. Milango ikajifunga. Mwanawe akaenda kusimama mbele ya boneti, karibu kabisa, ili baba yake amwone, akainua rimoti na kutabasamu. Injini ikawaka. Mzee akacheka kwa furaha.

Kisha taa za breki zikaumulika ukuta wa nyuma, na fundi, mguu mmoja juu ya pikipiki, akasikia injini ikiendelea kunguruma vizuri kabisa.