Kitambaa cha Chupa

Sudi wa studio alikuwa na kazi moja aliyoizoea: waliofiwa humletea picha, naye humkata marehemu, humvisha suti na kumwekea anga la buluu nyuma. Kwa hiyo Bi Mwantumu alipompa picha ya mumewe ameketi mkekani, alianza kwa kuifuta chupa ya chai iliyokuwa kando yake.

"Rudisha hiyo," Bi Mwantumu akasema. "Ibaki chupa peke yake. Yeye mtoe."

"Marehemu, mama? Nimtoe?"

"Nikionyesha picha nzima watu watamtazama yeye na kunipa pole, kitambaa wasikione. Picha hii alipigwa huko alikokuwa akifanya kazi, na hicho kitambaa kilichovalishwa chupa sikukifuma mimi."

Sudi akasogeza kipanya polepole kufuata ukingo wa chupa. Mume akatoweka, na mkeka, na ukuta. Ikabaki chupa katikati ya weupe, imevaa maua mekundu ya kufuma. Akaikuza mpaka uzi ukaonekana.

Bi Mwantumu akasogea karibu, yeye aliyefumia nusu ya nyumba za mtaa ule.

"Aliyekifuma hakuwa na haraka," akasema taratibu. "Na ona mafundo yanavyolala. Huyu hufuma kwa mkono wa kushoto."

Picha ilipochapishwa, hakuondoka. Aliketi kwenye benchi, akatoa mkobani uzi na sindano yake ya kufumia. Akaitazama picha kwa kitambo, kisha akaihamishia sindano mkono wa kushoto.