Kilichobaki Udongoni

Rukia alifukua taratibu nyuma ya jiko la mama yake, pale alipouzika utando wake aone kama utaoza. Ulikuwa mwembamba na angavu, alioupika kwa wanga wa muhogo, na alitaka siku moja ushike nafasi ya nailoni za kufungia vyakula. Alipekua udongo kwa vidole. Haukubaki hata uzi.

"Mama, umeoza wote!" aliita, machozi ya furaha yakimlenga. Sufuria ngapi ziliungua kabla ya utando ule!

"Alhamdulillahi, mwanangu. Na hicho je?"

Ukingoni mwa shimo kilichomoza kifuko cha nailoni, fundo lake bado limekaza. Mama alichutama akakiokota. Zamani aliuza barafu za ubuyu uani hapo, akizifunga kwa fundo lile lile. Watoto wote waling'ata pembeni. Mbaruku tu, kaka yake Rukia, ndiye aliyeng'ata katikati, ubuyu ukamchuruzika kifuani. Mama akifoka, yeye hucheka. Homa ilimchukua akiwa bado na meno ya utoto.

Kifuko kilikuwa na tundu katikati.

Rukia alinyoosha mkono akitupe, kama alivyozoea kutupa kila nailoni. Mama hakumpa. Alikwenda nacho bombani, akakisugua tope kwa kidole gumba, akakijaza maji kupitia lile tundu. Kisha akakiinua mdomoni, akakiminya.

"Utalowa, mama," Rukia alisema.

Mama alikuwa amekwisha kulowa kifua kizima, na bado anaminya.