Mama na Meno Mapya

Nilikuwa nakaribia kukitumbukiza kipande cha steki ya mama kwenye mashine ya kusagia nyama, alipouziba mdomo wa mashine kwa kiganja chake.

"Changu usikisage."

Tangu meno yamwishe, steki yake tulikuwa tunaisaga.

"Mama, hayo ya bandia hujayazoea. Daktari kasema uanze na vitu laini."

"Daktari ale kwake. Weka kwenye makaa."

Dada yangu alinikonyeza nikatae. Nikamtazama mama: meno meupe kuliko sahani, macho hayana utani. Nikaishika kwa koleo, nikaiweka.

Ilipoiva, alikataa kisu. Aliichovya nzima kwenye mchuzi wa giligilani, nanaa na ndimu alioutwanga mwenyewe asubuhi, akaing'ata pembeni, akavuta. Mishipa ya shingo ikamsimama. Rojo la kijani likamtiririka hadi kwenye kiwiko, na hakuna aliyethubutu kumpa kitambaa.

Alitafuna, akatafuna, mpaka akameza.

"Vipi, mama?" dada aliuliza kwa sauti ya chini.

Mama alijifuta kidevu, kisha akaninyooshea mkono.

"Umeikausha kama soli ya kiatu," alisema. "Lete hilo koleo."