Aliyebaki Kuaga

Jeneza la mdogo wake lilipofunguliwa kule Shirati, Mzee Otuoma, ambaye alikuwa nyumbani Buswelu, mguu wake uliovunjika ukiwa katika plasta, alikataa kuendelea kuketi mbele ya kompyuta iliyoonyesha mazishi hayo moja kwa moja.

"Kaa, Baba, utaanguka," binti yake alimsihi.

"Tulifundishwa kusimama mbele ya marehemu."

Alivua kofia, akajiinua kwa kuegemeza kiganja juu ya kibodi. Vitufe vitatu vikabonyea kwa pamoja. Picha ikatoweka, na mistari ya maandishi meupe ikatokea kwenye kioo cheusi.

Binti alibonyeza vitufe vya kuirudisha picha. Maandishi yaliondoka, lakini picha haikurudi. Sauti peke yake ndiyo iliyobaki.

"Programu inayoendesha kioo imekwama, Baba. Lazima niizime kompyuta, niiwashe upya. Dakika tano tu."

"Kuna aliyebaki kuaga?" katekista wa Shirati aliuliza.

"Nimebaki mimi!" Otuoma alipaza sauti.

"Hawakusikii, Baba. Sisi tulio mbali wametufungia maikrofoni."

"Nimebaki mimi, kaka yake!"

Msumari wa kwanza ukagongwa.