Nukta Tatu

Bi Mwanshamba alikiweka mezani kisu cha kukunja kilichookotwa mtoni, akitaka kujua kama ni cha mumewe aliyepotea mwaka juzi. Bwana Semboja, mkusanyaji wa visu vya kale, alifungua ubapa, msumeno na kizibuo.

"Cha mumeo nilikigonga nukta tatu kwenye shina la kila kifaa, shemeji. Hapa pote pamefutika."

"Nilikisugua kwa mchanga na majivu. Ningekuleteaje kitu kichafu?"

"Kitu cha kale huletwa pamoja na uchafu wake!"

Kilibaki kifungua-kopo, kilichogandishwa na kutu, ambacho mchanga haukukifikia. Bwana Semboja alikidondoshea mafuta, akaingiza ukucha. Kilipoanza kulegea, Bi Mwanshamba aliufunika mkono wa shemejiye kwa kiganja.

"Ngoja kwanza," alisema.

Mafuta yalipenya kati ya vidole vyao, yakadondoka mezani.